Waya Mbili za Mashua ya Mangeni

Egau wa Tororo alikuwa fundi, hilo hata waliomchukia hawakubisha. Malori ya jeshi ndiyo yaliyomfundisha mambo ya waya kule Burma, na tangu arudi vitani hakuna gari lililomshinda. Ila alikuwa anajisikia, jamani. Kumkosoa ilikuwa kutafuta balaa.

Mwaka wa hamsini na tano aliitwa aende Majanji, kando ya ziwa, kwenye mashua ndogo ya Mangeni, mvuvi wa Kisamia. Taa na honi vilikuwa vimekufa. Bwana Samaki, mzungu wa serikali, alikuwa anakuja kukagua saa sita mchana. Asipoona taa, leseni imekwenda, na Mangeni arudie jembe alilolikimbia.

Egau akakuta kila taa imevutiwa waya mbili, zimeoza. Akacheka kwa dharau. "Nani huyu alikuwa anatupa waya ovyo? Lori zima linakwenda na mmoja mmoja." Akang'oa zote. Akavuta waya mmoja kwa kila taa, na mguu wa pili wa taa akaukaza kwa skrubu kwenye ubao. Akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Wapi.

Wavuvi wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Fundi," Mangeni akasema polepole, "hii si gari."

Hapo ndipo Egau alipoelewa, na ilimuuma. Kwenye lori umeme unakwenda kwa waya, unarudi kwenye betri kupitia chuma cha gari lenyewe. Hapa pana chuma gani? Mbao tupu. Kumbe yule aliyevuta waya mbili ndiye aliyejua kazi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Tena waya umekwisha, na duka la karibu liko Busia.

Akaliendea lori lake alilokuja nalo, akafungua boneti, akaanza kuchomoa waya.

"Na wewe utarudije kwenu?" Mangeni akauliza.

"Niache nifanye kazi, mzee."

Saa sita Bwana Samaki akapanda mashuani, akakinga jua kwa kofia apate kuona. Nyekundu, kijani, nyeupe, zote zikawaka. Honi ikalia mpaka kuku wa ufukoni wakatawanyika.

"Gereji ya mzungu gani?" akauliza, kalamu mkononi.

"Hakuna mzungu," Mangeni akajibu. "Ni Egau."

Bwana Samaki akaliandika jina hilo. Mangeni akaipokea leseni kwa mikono miwili, akalia mbele ya watu bila haya. Egau alirudi Tororo juu ya magunia ya samaki, ndani ya lori la mtu mwingine, akiimba njia nzima.