Matuta ya Biasha Binti Kondo

Mpaka anaingia kaburini, Biasha binti Kondo aliuona mchezo wa gofu kuwa ni upuuzi wa mtu mzima. Kupiga kipira, kukifuata, kukipiga tena, halafu kukitia shimoni na kukitoa! Lakini kiwanja cha gofu kilichowatoa macho wageni pale Mtunda, mwaka ule wa vita vya Maji Maji, kilikuwa kazi ya mikono yake, na wewe ukimwambia kilikuwa cha Mzungu ulikuwa umejitafutia ugomvi.

Mzungu mwenyewe alikuwa msimamizi wa shamba la pamba. Jina lake hakuna aliyeliweza, basi watu wakamwita Bwana Kirungu, kwa sababu kila alasiri alitoka na mafimbo yake yenye vichwa kama virungu, akipiga kipira huku na huku. Kabla ya vita aliwatoa watu kwenye pamba, kazi ambayo nayo walikuwa wameshaichoka, akawaamuru walainishe ardhi yote ya mbele ya nyumba yake iwe kama mkeka. Mnyapara Mshamu, mwenyeji wa huko huko, alisimama juu yao na kiboko mkononi. Ardhi ikalala kweli kweli. Bwana akafurahi.

Vita vikaanza. Bashiru, mume wa Biasha, akaenda Ngarambe pamoja na wenzake, akarudi na kibuyu cha dawa, yale maji yaliyosemwa kwamba yanageuza risasi kuwa matone. Akakaa nyumbani siku mbili tu. Kibuyu akamwachia mama yake, Tatu. "Mama, ukiona hatari, jinyunyizie wewe na mkeo," akasema, maana kule mkwe humwita mke wa mwanawe mkewe kwa utani. Kisha akashika njia ya kwenda milima ya Umatumbi, na Biasha akabaki na mkwewe na kiboko cha Mshamu.

Mvua ya vuli ilipopiga mara ya kwanza, mkeka wa Bwana Kirungu ukawa bwawa. Vyura wakahamia jioni ile ile. Bwana alisimama ukingoni akitazama kipira chake kikizama kwenye tope, na Biasha, aliyekuwa akipita na kikapu cha udongo kichwani, akashindwa kujizuia, akacheka.

Mshamu akainua kiboko. Bwana akamzuia. "Yeye cheka nini?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuamrisha.

"Namcheka aliyeinyoosha ardhi ya mto," Biasha akasema. "Huku ukiilaza, maji nayo yanalala. Ukitaka yaondoke, yape mgongo wa kushukia."

Mshamu akafumba macho akingoja balaa. Badala yake uso wa Bwana ukachangamka. Akaeleza, kwa maneno na kwa mikono, kwamba kwao, ufukweni mwa bahari ya baridi, viwanja vya mchezo ule ni vichuguu na mabonde matupu, kipira kinapanda kinashuka mpaka mtu anachanganyikiwa. "Mgongo kubwa?" akauliza.

"Mkubwa kadiri utakavyovumilia," Biasha akamjibu.

Hapo ndipo raha ilipoanza, na Biasha mwenyewe aliona haya kusema kwamba ilikuwa raha. Tangu msichana alijulikana kwa matuta yake ya viazi. Mvua inyeshe vipi, viazi vyake haviozi. Sasa alipewa wanawake sita na ardhi nzima ya kuchezea. Hakupiga vituta vya woga. Njia ya nyasi, ile ndefu ya kupigia kipira kwa nguvu, aliipandisha na kuishusha, akaikunja pembeni, akaipa bonde katikati. Na kule mwisho, kwenye shimo la tatu, ambako nyasi hukatwa fupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa, aliinua mgongo unaomfika mtu kifuani, wenye mikunjo miwili na shimo chini kabisa. Kila alipomaliza upande alichota maji kwa kata, akayamwaga juu, akayakimbilia mpaka chini aone yanakokwenda. Yakituama mahali, anabomoa anaanza upya. Wenzake walimwona amepata wazimu. Yeye moyo ulikuwa unamwenda mbio, na usiku alijilaumu kwamba anafurahia kazi ya shokoa, ya kulazimishwa, wakati mumewe yuko vitani.

Kisha askari wakaja. Walichoma vijiji walivyovishuku, na ghala za mpunga hawakuacha hata moja. Waliposikia moshi umefika kitongoji cha pili, wanawake wa Mtunda wakakusanyika kwa Tatu.

"Chakula tutachimba ming'oko porini," Tatu akasema. "Lakini mbegu ikiungua, vita vitakwisha na sisi tutakuwa tumekwisha."

Biasha akapajua palepale mahali pa kuificha. Kulikuwa na pahali pamoja tu ambapo askari hawachomi wala hawachimbi, pahali ambapo hata mbuzi akikatiza Bwana Kirungu anatokwa na povu. Tena pana mteremko mkali, mvua haikai.

Walingoja Ijumaa. Mshamu na wanaume waliobaki walipokwenda kuswali, wanawake wakaja kiwanjani na mitungi kichwani, kama walivyokuja kila siku kumwagilia nyasi. Mara hii mitungi ilikuwa na mpunga uliochanganywa na majivu, midomo imezibwa kwa udongo. Walifunua nyasi za mgongo wa shimo la tatu, wakachimba, wakazika, wakarudishia nyasi na kuzikanyaga. Mitungi sita ilikwenda chini sana. Wa saba, uliovunjika shingo, aliubeba Tatu mwenyewe. Ukazikwa wa mwisho, juu juu, mdomo umezibwa kwa manyasi, maana wanaume walikuwa wameshaanza kutoka msikitini.

Siku tisa zikapita. Siku ya kumi Bwana Kirungu akapata mgeni, ofisa mmoja wa jeshi, pamoja na askari kumi na bunduki zao. Wazungu wawili wakaanza kucheza. Ofisa alipiga kipira kikapanda tuta, kikakata shauri, kikarudi miguuni mwake. Akacheka mpaka akashika kiuno. Bwana akavimba kwa fahari. Wakafika shimo la tatu, na Biasha, aliyekuwa akifagia majani, akaona kitu kilichomsimamisha.

Juu ya mgongo, katikati ya nyasi fupi, mpunga ulikuwa umeota. Miche ishirini hivi, kijani kibichi, imesimama wima kama iliyotumwa.

Bwana akainama. "Nyasi gani hii?"

Mshamu akasogea, naye akainama. Huyu alizaliwa shambani. Mpunga aliujua kabla hajajua kutembea. Akautazama muda mrefu, halafu akamtazama Biasha. Askari kumi wamesimama nyuma yake. Neno moja tu, na kijiji kizima kinaning'inia.

"Magugu, bwana," Mshamu akasema. Kisha, kwa Kindengereko, lugha ya kwao, bila kumtazama mtu, akaongeza, "Binti Kondo, magugu haya mama yangu alikuwa akitupikia. Yang'oe upesi."

Biasha akapiga magoti, akayang'oa mche mmoja mmoja na mizizi yake, akayafutika kwenye kaniki yake. Alidhani mambo yamekwisha. Lakini Bwana alikuwa akibonyeza udongo kwa kiatu na kuuona mlaini, na wazo likamjia. "Hapa juu zuri. Shimo tahamia hapa. Mshamu, leta jembe."

Jembe likaletwa. Lingeshuka mara mbili tu, likavunja mtungi.

"Bwana," Biasha akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, "ukilihamisha shimo utakuwa umeuharibu mchezo wako. Mgongo huu wote nimeujenga kwa ajili ya shimo lililoko kule chini. Nipe kipira. Nitakisukuma kwa kidole kimoja kutoka hapa juu. Kisipoingia, chimba unapotaka. Kikiingia, jembe lisiguse mgongo huu kamwe."

Shimo lilikuwa hatua ishirini, nyuma ya mikunjo miwili. Kutoka pale lilikuwa halionekani. Bwana akamfasiria mgeni, na wote wawili wakaangua kicheko. Watu wale wanapenda kushindana kuliko kula. Bwana akampa kipira.

Biasha hakukielekeza kwenye shimo. Alikwenda kushoto kabisa, mahali alipokuwa akimwaga maji, akakiweka chini, akasema bismillahi, akakigusa.

Kipira kikaondoka kikielekea kwingine kabisa. Ofisa akapiga makofi kwa kejeli. Na hapo hapo, kipira kikiwa njiani, Biasha akakumbuka. Maji aliyamwaga kabla ya kuzika mitungi. Baada ya hapo hakuyamwaga tena. Udongo uliochimbwa hukaa, na ukikaa hubonyea, na njia ya maji hugeuka.

Kipira kikafika kwenye mkunjo wa kwanza, pale pale juu ya mitungi, kikapunguza mwendo. Kikazungukazunguka kama kinachotafuta pa kulala. Kikasimama. Biasha alikuwa kama ameshasikia jembe likishuka. Kisha, taratibu mno, kikainama upande wa kulia, kikajivuta, kikadondokea mkunjo wa pili, kikaanza kukimbia! Kikapinda kwa mgongo, kikazunguka bonde lote, kikaja kwa nyuma ya shimo ambako hakuna aliyekitarajia, kikagusa ukingo, kikatumbukia.

Ofisa alikwenda mbio kuchungulia shimoni. Bwana Kirungu akarusha kofia yake juu, akamshika Biasha mkono, akautikisa kama anapampu maji. "Jembe hapana!" akapiga kelele. "Jembe hapana kabisa!" Wazungu wakashinda pale mpaka magharibi wakijaribu kufanya kama yeye, na hakuna hata mmoja aliyeweza.

Jioni Biasha alimkuta Tatu jikoni, hajawasha moto. Mama mkwe alimwambia bila kuulizwa. Kibuyu cha Bashiru alikimimina chote kwenye ule mtungi uliovunjika shingo. "Niliona mimi nimezeeka," akasema. "Nikasema bora dawa iiokoe mbegu."

"Mama, ungetumaliza sote," Biasha akasema. Alikuwa na hasira za kweli. Hata hivyo ile miche hakuitupa. Kesho yake aliipanda chini ya bonde la kiwanja, ukingoni kabisa, mahali maji yote ya mgongo wake yalipoishia. Kwa Bwana yalikuwa magugu tu.

Mwaka uliofuata njaa ilikuwa kali, watu walikufa njiani. Bwana Kirungu alihamishwa, nyasi zake zikawa pori. Vuli iliporudi wanawake wakaenda mchana kweupe na majembe yao. Mitungi sita ilitoka mikavu kama siku iliyozikwa. Wa saba ulikuwa umeoza mweusi. Kila nyumba ikapata mbegu yake. Mshamu, aliyekonda akabaki mifupa, alisimama mbali na kofia mkononi, haombi. Biasha akamwita, "Kaka Mshamu, njoo," akamjazia.

Wiki ile ile alirudi mtu mmoja kutoka milimani. Alimwambia Tatu alipoangukia Bashiru, na kwamba risasi ilikuwa risasi tu. Tatu hakulia. Alikaa chini akasema, "Maji yalimdanganya mwanangu."

Biasha aliingia ndani, akatoka na kile kibuyu. Miche ile ya bondeni ilikuwa imezaa, na kwa miezi yote ya njaa, siku nyingine wakilala na maji matupu tumboni, alikuwa amezificha punje zake humo asimwambie mtu, asije akazila mwenyewe. "Hizi ni za Bashiru, mama," akasema. "Zilizonyunyiziwa maji yake."

Tatu alikipokea kibuyu akakitikisa, akasikiliza punje zikilia ndani. Akasimama, akajifunga kaniki kiunoni, akaomba aonyeshwe pa kupanda.