Salamu Kwenye Sanduku la Sauti

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kwanza. Nawaona mnavyosoma mkitembea, simu puani, bajaji inawapigia honi na hamna habari. Haya hayafai kusomwa hivyo. Ni mambo ya simu pia, lakini simu ya mezani, ya ofisini, ile yenye sanduku la sauti ambalo mtu huachia maneno yake pasipokuwa na wa kupokea. Wengi wenu hamjawahi kuongea nalo. Mimi nimeongea nalo, na nitawaambia lilivyonitenda.

Shule niliishia darasa la nne. Kusoma najua, kuandika najua, hesabu nilijifunzia Kariakoo nikiuza dagaa. Sasa dagaa nimeacha, mgongo umekataa. Mwanangu wa kike ana ofisi Gerezani, juu ya maduka ya vipuri, ambako moshi wa kuchomelea vyuma unapanda mpaka ngazini. Kazi yao ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Asubuhi yeye na vijana wake wanaenda bandarini kuhangaika na makaratasi, mimi nabaki. Nafungua, nafagia, nachemsha chai, napokea simu. Hajaniajiri. Nilimwambia nikishinda nyumbani nikitazama ukuta nitakufa, akasema basi mama njoo utazame ukuta wa ofisini.

Wakati huo sikuwa na simu yangu ya mkononi. Laini ilifungwa. Walisema kila mtu akasajili kwa vidole, nikaenda kwa kijana mmoja aliyekaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha mwendokasi. Akanishika kidole, akakibandika kwenye kimashine chake. Hakuna. Akakifuta kwa kitambaa, akabandika tena. Hakuna.

"Bibi, mashine haioni alama. Vidole vyako vimekwisha."

"Vimekwisha vipi na mimi ninavyo hapa?"

"Vimelainika, bibi. Umefanya kazi gani?"

"Ya kukulisha dagaa wewe na mama yako."

Akacheka, akasema nirudi siku nyingine vikipata nafuu. Sikurudi. Niliona simu ya nini, mwanangu anayo, ofisi inayo.

Hiyo ya ofisi mwanangu aliipenda kupita kiasi. Alisema wateja wakubwa wanamwamini mtu mwenye simu ya mezani. Hata kalenda aliyochapisha aliweka namba hiyo peke yake, kubwa, kwa rangi nyekundu. Ndiyo aliyonifundisha kuitumia.

"Mama, ukikuta taa hii inawaka, kuna mtu kaacha ujumbe. Inua, bonyeza hiki chenye bahasha, weka namba ya siri. Ataongea mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Wa kwenye mashine. Atakwambia kusikiliza bonyeza moja, kuhifadhi bonyeza mbili, kufuta bonyeza tatu. Usiache uchafu humo, lisije likajaa."

Yule mwanamke Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Hachoki, hakasiriki, hasemi pole. Mpigaji alimpa muda mfupi tu, mlio ukilia tena basi, amekata. Mwanangu ndiye aliyetaka hivyo, maana wateja wa Kariakoo wakipewa nafasi wanaanza na habari za mafua ya watoto.

Basi kila asubuhi nikawa nafungua ofisi, nasikiliza. Wengi walikuwa wanapumua tu, wanakata. Watu wetu wamezoea kubipu, hawajui kusema na kitu kisichojibu. Wengine waligombana nalo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vyombo, sauti nzito, alikuwa anamkemea yule mwanamke kama mkewe: "Wewe dada, nakuuliza kontena langu, unaniambia nisubiri mlio. Mlio nitauza? Mwite mwenye ofisi." Nilicheka peke yangu mpaka chai ikamwagika. Nikabonyeza tatu.

Sasa nimfikie dada yangu.

Kwetu ni kusini, Lindi ya ndani, mbali na lami. Mama yetu alikufa mimi sijaota meno ya pili, akanilea dada. Alikuwa mkali. Siku moja nilimpita mzee njiani bila kumwamkia, dada akanirudisha kwa kofi, nikamwamkia yule mzee huku nalia, naye akaitikia marahaba kama hajaona kitu. Kwa dada mtu asiyesalimia hakulelewa, na asiyelelewa ni aibu ya aliyemlea. Watoto wake nao aliwanyoosha hivyo hivyo.

Tulipokuwa watu wazima, nimeshaolewa huku Dar, nilikwenda msibani kwetu. Tukaona marehemu anaoshwa na watu wa mbali kwa sababu ndugu zake hawakufika. Dada akanivuta kando ya kisima. Akasema, "Mimi sitaki kuoshwa na mtu ambaye hajui kovu langu limetoka wapi. Nikitangulia, uje unioshe wewe. Ukitangulia wewe, nitakuja." Nikasema haya. Hatukuapa, hatukushikana mikono. Kwetu ukisema haya, umesema. Miaka yote niliyokaa mjini, nguo ya kuvaa siku ya kumwosha nilikuwa nayo chini ya kitanda, imekunjwa. Si kwamba nilimtakia kufa. Ni kwamba sikutaka kuchelewa kwa kutafuta nguo.

Kwa dada mtandao haupatikani nyumbani. Mpaka upande kilimani, na wanaopanda ni vijana, jioni wakitoka shamba. Huku jioni hiyo ofisi tumeshafunga. Ile kalenda ya mwanangu ilikuwa imetundikwa ukutani kwake. Mnaona tunakoelekea.

Asubuhi moja, Alhamisi, nilikuta taa inawaka. Nikabonyeza moja. Nikasikia upepo, halafu mtoto wa dada, wa kike, aliyebaki kumlea mama yake.

"Shikamoo mama mdogo."

Akanyamaza. Alikuwa anasubiri nimwitikie. Nami nimesimama pale na ufagio, nikasema marahaba mwanangu, kana kwamba ananisikia.

"Shikamoo mama mdogo," akarudia, sasa kwa sauti ya juu. Kimya tena. "Hallo? Mama mdogo, shikamoo. Habari za huko? Hamjambo wote? Dada wa ofisini hajambo, na watoto? Habari za kazi? Poleni na joto la huko."

Nyuma yake kulikuwa na sauti nyingine, ya chini, kama ya mtu aliyelala, lakini sikuijali.

"Sisi huku wazima," akasema.

Mlio ukalia. Yule mwanamke akaniuliza kama nahifadhi au nafuta. Nikahifadhi, kwa sababu ni salamu za nyumbani, na salamu hazifutwi kama takataka.

Ninyi vijana hamsalimiani, kwa hiyo nitawaeleza. Kwetu ukiulizwa hali unasema mzima kwanza, hata kama nyumba imeungua. Unasema wazima, halafu unapumua, halafu unasema ila. Ila mama haamki. Ila mtoto ana homa. Habari yenyewe inakaa nyuma ya ila. Kuianza na mbele ni utovu wa adabu, ni kumpiga mtu jiwe la kichwa. Mashine haijui ila. Ilinipa wazima, ikakata.

Mwanangu aliporudi mchana nikamwambia kuna salamu kutoka kusini. Akapiga namba ya mtoto wa dada kwa simu hiyo hiyo ya mezani. Haipatikani. Hatukushtuka, huko ndivyo ilivyo mchana. Akasema, "Tutawapigia tena, mama. Si umesema wazima?"

Nikasema, "Ndivyo walivyosema."

Ijumaa ofisi haikufunguliwa, ilikuwa sikukuu, ikaunganika na Jumamosi na Jumapili. Nilipika pilau. Nililala mchana. Nasema haya ili mjue kwamba moyo haukuniambia lolote. Wanaosema moyo huwaambia, wana bahati yao.

Jumatatu taa ilikuwa inawaka. Nikapitisha watu wawili watatu waliopumua tu, nikafuta. Kisha upepo wa kilimani.

"Shikamoo mama mdogo. Samahani, mimi tena. Juzi nilikuamkia hukuitika, nikasema labda nimekukosea mahali. Kama nimekukosea unisamehe mama mdogo, mimi ni mtoto. Shikamoo." Akasubiri. Nikasikia anameza mate. "Habari za nyumbani? Hamjambo? Sisi wazima. Nimetumwa na..."

Mlio.

Nikaishika simu kwa mikono miwili. Yule mwanamke anauliza, nihifadhi, nifute. Nikabonyeza mbili ili anyamaze aniletee mwingine.

Uliofuata, yule mwanamke alisema ni wa jana jioni, haukuwa na upepo mrefu wala shikamoo.

"Mama mdogo, tumeshamzika mama, leo saa kumi."

Basi. Muda ulibaki mwingi, na aliutumia kunyamaza. Nilimsikia anapumua, na ng'ombe wa mtu analia kwa mbali, mpaka mlio. Ujumbe mmoja tu ulienea kwenye lile sanduku na kubakiza nafasi, ni ule ambao mtoto hakunisalimia.

Mwanangu alinikuta nimekaa sakafuni. Sikuwa nalia. Nilimwambia, "Mama yako mkubwa amezikwa jana," akakaa chini na yeye, na viatu vyake vya ofisini.

Usiku huo sikulala, alfajiri nikapanda basi la kusini na nguo yangu kwenye mfuko. Kwa nini niliibeba sijui. Nilifika jioni, pikipiki ikanipeleka mpaka kwenye mkorosho wa mwisho, nikakuta kaburi bado lina maji ya kunyunyizia. Mtoto wa dada akaja akapiga magoti.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Nani alimwosha?"

"Majirani."

"Majirani gani?"

"Waliohamia juzi juzi, mama mdogo. Watu wazuri. Wazee wetu waliokuwa wanajua kuosha wameisha."

"Walijua kovu la goti limetoka wapi?"

Akatazama chini. Hakuelewa, na hakuwa na kosa la kutoelewa. Akasema, "Mama alikuulizia tangu alipoanguka. Nilipiga namba yako, wakasema haitumiki. Nikapiga ya kalenda. Nilikwambia mama mdogo."

"Ulinisalimia."

"Ningeachaje kukusalimia?" Sasa alikuwa analia. "Siku ya kwanza nilimbeba na mkokoteni mpaka kilimani, alitaka kukusikia mwenyewe. Alikuwa amelala hapo pembeni yangu. Kila nikitaka kusema, ananivuta nguo. Umemwamkia? Ameitika? Mwamkie tena vizuri, atasema sikukulea."

Nilimwinua. Tukaingia ndani, na ile kalenda ilikuwa bado ukutani, na namba yake nyekundu.

Niliporudi Gerezani nilifungua ofisi peke yangu, nikainua simu, bahasha, namba ya siri, moja. Nikautafuta ule ujumbe wa Alhamisi. Safari hii nilijua pa kusikiliza. Baada ya shikamoo ya pili, nyuma ya upepo, ile sauti niliyoipuuza ilikuwa ya dada. Alikuwa anasema, "Mwamkie vizuri." Maneno mawili. Kilema cha ulimi kilishampata, lakini ni yeye, na ukali ni wake.

Kwa muda nikawa nasikiliza kila asubuhi kabla ya kufagia. Naitika marahaba, nasubiri yale maneno mawili, nabonyeza mbili. Mwanangu aliniona, akawa anangoja mlangoni. Vijana wake nao wakajifunza kuchelewa ngazini mpaka nimalize. Wateja wakaanza kulalamika kwamba wanakatwa, sanduku limejaa, maana mwanangu naye alishindwa kufuta chochote akiogopa kukosea akafuta wa kwangu. Yule wa vyombo akaja mwenyewe, kapanda ngazi anahema. "Mama, mnanitesa. Mashine yenu sasa hata kunijibu vibaya haitaki."

Alipoondoka nilikaa nikafikiri. Ofisi si kaburi. Kaburi la dada liko kwetu, nimeliona. Nikainua, nikafuta wote waliojazana mpaka ukabaki ule wa Alhamisi tu, nikausikiliza mara ya mwisho, nikaitika. Yule mwanamke akaniuliza kwa upole wake ule ule. Nikabonyeza tatu. Akaniambia ujumbe umefutwa, kisha akaniambia hakuna ujumbe mwingine.

Jioni ile nyumbani niliwakusanya wote mkekani, mwanangu, mkwe, wajukuu, na yule binti anayetusaidia kazi. Mjukuu mkubwa alikuwa ameshika simu, nikamwambia aiweke chini, akaiweka. Nikasema: kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akipiga simu popote, aseme jina lake na shida yake kwanza. Habari za hapo, hamjambo, poleni na joto, zote zije mwisho kama nafasi ipo, na kama haipo zisije. Na mkinipigia mimi, asinipe mtu shikamoo kabla hajaniambia nani anaumwa na nani kafa. Marahaba yangu nitawapa nikishajua.