Mahindi Niliyoyaacha Nje ya Hotuba

Uwanja wetu mtaani Kiamunyi haukuwa na jina. Ulikuwa "pale chini" tu, kipande cha ardhi ya umma kati ya nyumba zetu na barabara ya vumbi. Watoto walicheza mpira upande mmoja. Upande wa pili, msimu wa mavuno, kina mama walitandaza maturubai wakaanika mahindi. Mpira ukiangukia mahindini, mtoto alivua viatu kwanza, ndipo akaufuata. Sikumbuki mtu akiwafokea ili wafanye hivyo. Walikua wakiona wakubwa wao wakifanya.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mmoja wa kina mama hao. Ni mjane, analima shamba dogo la kukodi nyuma ya mtaa, na mahindi yake ndiyo unga wake wa mwaka mzima. Aliyageuza kwa miguu mitupu, akiburuta nyayo polepole hadi turubai lote likawa na mistari kama shamba lililolimwa asubuhi hiyo. Akiniona mlangoni na kompyuta mapajani, aliniita kutoka kule kule.

"Mwandishi! Leo umekula ama umeandika tu?"

"Nimeandika tu, Mama."

"Basi kuja tule. Hayo maneno hayashibishi."

Halafu mawe ya mipaka yakaonekana uwanjani. Mtu fulani alikuwa ameanza kuugawa viwanja vya kujenga. Tukapiga kelele, na kaunti ikaitisha kikao kanisani ili isikie maoni ya wakazi. Wakanichagua mimi nizungumze, kwa kuwa nimetoa kitabu.

"Sema ya watoto," jirani yangu aliniambia jioni ile, "sema ya hewa, sema yote unayojua kusema. Lakini usisahau mahindi."

"Nitasahauje, Mama?"

Na sikusahau. Ningekuwa nimesahau, ningelala vizuri.

Maofisa walikuwa wamebandika mchoro mkubwa ukutani: miti ya duara, viti vya kupumzikia, watu wembamba wakitembea kwa raba nyeupe. Nikasimama. Nikasema juu ya kivuli, juu ya mtoto anayehitaji nyasi za kuangukia, juu ya mji unaojengwa hadi ukakosa pa kupumulia. Nilihisi ukumbi mzima ukiniegemea. Sentensi ya mahindi ilikuwa tayari ulimini. Nikautazama ule mchoro, nikaona turubai ndani yake kama doa la mafuta kwenye kitambaa cha meza. Nikalionea haya, jinsi mtu anavyomwonea haya shangazi wa kijijini mbele ya wageni.

"Tunataka bustani safi," nikamalizia, "iliyozungushiwa ua, itunzwe kwa ajili ya watoto wetu."

Walipiga makofi. Jirani yangu pia alipiga, kisha akabaki ameshikanisha viganja, akinitazama, akingoja. Nikaketi.

Tukashinda. Mawe yaling'olewa, ua ukajengwa, nyasi zikapandwa. Langoni akawekwa askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo. Mavuno yalipofika, jirani yangu alisukuma toroli lake la magunia hadi pale, nami nikiwa nyuma yake njiani.

"Mathe, hapa ni bustani. Kaanike kwako."

"Kwangu wapi, boss? Juu ya kitanda?"

"Sasa mimi nifanye nini? Ni nyinyi mlitaka ua."

Aligeuza toroli. Aliponipita alinisalimia kama kawaida, na hiyo salamu ndiyo iliyonichoma zaidi. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha kila alasiri. Magunia yalirundikwa ndani ya chumba chake kimoja, yakapata joto, yakaanza kunuka.

Nilikwenda ofisi ya wadi na konzi ya mahindi yaliyoota ukungu. Ofisa alinipokea kwa heshima.

"Lakini dada, ni wewe ulisema. 'Bustani safi, iliyozungushiwa ua.' Tuliyapenda sana maneno yako."

"Kuna kitu niliacha kusema."

"Basi ulete kwa kikao kijacho."

"Kitakuwa lini?"

"Tutatangaza."

Nilirudi nyumbani, nikatoa viti vyote sebuleni, nikatandaza turubai kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha nikabisha mlango wa pili.

"Lete yaliyobaki, Mama."

Alisimama akiangalia sebule yangu tupu. "Na utaandikia wapi?"

"Jikoni."

Tulipiga magoti tukachambua. Yaliyooza aliyatupa kwenye ndoo. "Haya hata kuku usimpe," alisema. Ndoo ilijaa, ikamwagwa, ikajaa tena. Nje watoto walikuwa wakipiga kelele bustanini, mpira ukigonga ua.

"Siku ile," akasema bila kuinua macho, "ulikuwa umesahau?"

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Ningeitikia tu, na yangekwisha.

"Hapana, Mama. Niliona aibu."

Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea kuchambua.

"Aibu ya mahindi," akasema. "Na ugali wangu unakula."

Alimaliza kusambaza yaliyo mazima, hayakufunika hata nusu ya turubai. Nikainuka ili nimsaidie kuyageuza.

"Wewe!" akanikemea. "Vua viatu."

Nikavua.