Bolti ya Landrova ya Mwalimu Rwamba

Mwalimu Felicitas Rwamba alifundisha hesabu huko Mbeere kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu mwaka 1991 akajizawadia Landrova kuukuu iliyopigwa mnada na serikali. Gari lilikuwa limechoka kuliko yeye. Hata hivyo lilibeba ndengu za majirani hadi soko la Kiritiri bila manung'uniko, mpaka bolti inayoshika springi ya mbele kwenye chesisi ilipokatika kwa uzee.

Fundi wa pale sokoni aliitwa Njue, mtu aliyejaliwa kila kitu isipokuwa mashaka. Aliingiza kichwa chini ya gari, akakitoa, akatangaza kwamba hiyo ni kazi ya dakika kumi. Bolti aliyoipachika ilitoka kwenye lango la zizi. Mwalimu alipouliza kama itafaa, alijibiwa kwa upole, kama mtoto wa darasa la pili, kwamba bolti ni bolti.

Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi Felicitas alikuwa amebeba mbuzi watano wa mahari pamoja na wazee wawili wa kuwasindikiza, gari likainama upande na kupumzika mtaroni. Hakuumia mtu. Mbuzi waliona mlango wa wokovu umefunguka, wakaingia vichakani; wazee wakawafuata na suti zao. Mahari ilifika imepungua mbuzi mmoja, na ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba kosa ni la mwanamke kuendesha gari. Njue alipoonyeshwa vipande, alisema barabara ndiyo mbovu.

Basi Mwalimu alifunga kipande cha bolti ya asili kwenye leso, akaenda Embu. Duka la kwanza walimuuliza mume wake yuko wapi, maana huenda yeye ndiye anayejua saizi. La pili walimshauri anunue gari jipya, ushauri mzuri sana kutoka kwa watu wasiouza magari. La tatu muuzaji alimpa bolti ya milimita kumi na nne bila kuinua macho gazetini.

Nyumbani, bolti hiyo ilicheza tunduni kama jino la mtoto. Felicitas alilala chali chini ya gari na rula yake ya shule. Kumi na nne na kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichomkera. Kisha akakumbuka gari lilitengenezwa na Waingereza, na Waingereza wa enzi hizo walipima kwa inchi. Akapiga hesabu: tisa juu ya kumi na sita ya inchi. Aliona aibu, kwa kuwa miaka yote ile alikuwa amewatandika watoto waliomwambia kwamba karibu ni sawa.

Mtu mmoja alimtajia mzee Muthamia wa Kiirua, aliyewahi kutengeneza matrekta ya mashamba ya ngano. Akasafiri kutwa nzima kumfuata. Mzee alikitazama kile kipande, akauliza, "Shimo umelipima, Mwalimu?"

Katika wanaume wote aliokutana nao, huyu alikuwa wa kwanza kuuliza swali la maana. Alipomtajia kipimo, Muthamia alichakura mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, akatoa bolti na kumwonyesha alama zilizo kwenye kichwa cha bolti hiyo. "Hii ni chuma kigumu. Usiikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishushe kwanza, lisimame kwa uzito wake."

Huko Kiritiri, Njue alikaribia kuikaza bolti gari likiwa juu ya jeki. Felicitas alimwondolea spana mkononi, akateremsha gari, akakaza mwenyewe huku fundi akishika tochi mchana kweupe.

Wiki hiyohiyo alimsikia Njue akiwaeleza wateja jinsi alivyogundua, kwa uzoefu wake, kwamba Landrova hutaka bolti za inchi. Wateja walitikisa vichwa kwa heshima. Mwalimu hakumsahihisha. Alikuwa na magunia kumi na mawili ya ndengu ya kufikisha Embu kabla ya saa nne, na alifika saa tatu na nusu.