Ua Tuliomjengea Mbwa

Harufu ya waya mpya wa kuku ikinibakia viganjani, huwa nasimama kidogo.

Baba alikuwa ameachishwa kazi ya udereva, na mwenye nyumba kule tulikokuwa tunahamia hakutaka mbwa. Rafiki wa baba wa mtaa wa Komarock alikubali kumchukua wetu, mradi tumjengee ua. Tulishinda huko Jumamosi nzima. Baba alichimbia nguzo, mimi binti yake nikamshikia waya, na mbwa akatuzunguka miguuni akinusa kila shimo na kutikisa mkia, kana kwamba tunajenga kwetu.

Ua ulipokamilika, baba alimwita. Mbwa akakataa kuingia.

"Mwite wewe, mama," baba akaniambia. "Wewe anakuamini."

Nikaingia, nikachuchumaa, nikamwita. Alikuja mbio akanilamba shavu.

"Sasa toka polepole," baba akasema kwa sauti ya chini. Nikatoka, naye akafunga mlango.

Mbwa hakubweka. Alikaa tu akinitazama, akingoja nimfungulie.

"Baba, nimemdanganya."

Alinishika mkono tukaelekea barabarani. "Tumemdanganya sote," akasema, na hakuniharakisha kila niliposimama kutazama nyuma.