Bi Mize Alivyosali Jikoni

Nilipokuwa mtoto wa kama miaka tisa, nilipewa kazi ya kuchungulia nani kasali na nani hakusali. Msinidhanie nilikuwa mcha Mungu. Aliyenipa kazi hiyo ni bibi yangu mzaa baba, na habari za sala hakuzitaka. Alitaka habari za damu. Katika nyumba yetu mwanamke asiyesali siku tano sita haulizwi kitu, kila mtu mzima anaelewa kuwa yuko mwezini. Kwa hiyo ukitaka kujua tumbo la mwanamke linasemaje, huna haja ya kumpekua. Kaa tu utazame msala wake, mkeka anaosalia.

Msala uliotazamwa ulikuwa wa Bi Mize, mke wa ami yangu. Aliletwa kwetu, nje kidogo ya Wete, kutoka Mgogoni, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Alikuwa mkimya, na kwa kuchambua karafuu hakuna aliyemfikia mkono. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko kwao, na sala kwake ilikuwa kama kula. Kasoro yake ilikuwa moja: siku zake hazikuwa na mpango. Mara miezi miwili mitatu haoni kitu, mara anaona wiki nzima, anapumzika siku kidogo, anaona tena. Mwaka wa tatu ule wa ndoa, na mtoto hakuna. Mara mbili alijidhania mja mzito akamwambia ami, ami akamwambia mama yake, na mara mbili damu ikaja. Bibi alicheka mara zote mbili, tena mbele ya majirani.

"Tunangoja mjukuu, tunaletewa sodo," alisema.

Siku hizi binti mwenye hali ile ataambiwa aende hospitali, na akifika atawakuta wenzake wamejaa kwenye benchi. Wakati ule kwetu hali hiyo ilikuwa na jina moja tu: ana mume wa kijini. Jini akimpenda mwanamke humfungia damu anapotaka, humfungulia anapotaka, na mbegu ya mume wa kibinadamu haikai. Basi Bibi akamleta fundi wa mashetani, mzee mwembamba ananuka ubani na tumbaku. Fundi akasema mwanamke mzima huenda na mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na Mize akaona damu, jini kaondoka. Asipoona, jini kamshika, apewe dawa ya kuiteremsha. Na dawa ikishindwa, arudishwe kwao. Ataangaliwa kwa miezi mitatu.

Aliyasema hayo huku anakula kuku wetu. Namkumbuka vizuri kwa sababu paja nililolitaka mimi alilila yeye.

Bibi akaniita. "We Zuwena, una macho. Nataka kujua kila siku kasali hakusali, na kamba ya nyuma ya choo ina nini." Huko ndiko wanawake walikoanika vitambaa vyao vya hedhi, chini ya kanga kuukuu ili wanaume wasivione. "Ukiniletea habari ya kweli utapata halua."

Kwa halua mimi ningemuuza hata ndugu yangu.

Mwezi wa kwanza ukaandama. Bi Mize hakusali siku sita, na kwenye kamba kulikuwa na sodo. Nikapeleka habari. Bibi akaguna, akanikatia kipande. Mwezi wa pili vilevile. Ami akaanza kuimba akienda shamba. Aliyenuna ni Bibi peke yake. Unadhani angefurahi, lakini kuna watu wakishatamka baya hukaa wakilingojea kama mgeni waliyemwalika wenyewe.

"Yule hazai katika nyumba hii," aliniambia. "Yaweke maneno yangu."

Nikayaweka.

Mwezi wa tatu, siku ya pili baada ya kuandama, karafuu zilikuwa zimetandazwa uwanjani na watu wote wako nje wakizigeuza. Ilikuwa adhuhuri. Niliingia jikoni, banda la makuti nyuma ya nyumba, kuiba muhogo. Nikamkuta Bi Mize nyuma ya mtungi kasujudu, kanga moja kaitandika, nyingine kajitanda. Asubuhi ile ile alimwambia Bibi mbele yangu kuwa yuko mwezini, na sodo nilikwisha kuziona zimeanikwa.

Alitoa salamu ya sala, akageuka, akaniona.

"Unasali na damu?" nikamuuliza.

"Sina damu, mwanangu. Vile vitambaa navilowesha safi na kuvianika safi." Alinishika mkono. "Sijaona kitu miezi mitatu na zaidi. Mimi kwangu si ajabu kukosa, ndiyo maana naogopa kusema. Lakini safari hii natapika kila asubuhi. Naogopa jini wao, naogopa kuchekwa. Niache mwezi mmoja tu nihakikishe, halafu nitasema mwenyewe. Nakuomba, Zuwena."

Nilimwelewa. Msiseme mtoto wa miaka tisa haelewi. Mama yangu alikwisha kutapika na kuzaa mara mbili mbele ya macho yangu.

Ningependa kuandika kwamba nilipigwa hata nikasema. Sikupigwa. Nilikwenda mbio kwa miguu yangu. Nikamwambia Bibi kuwa Bi Mize anasali jikoni, damu hana miezi mitatu, na vile vitambaa ni vitupu. Ya kutapika na kungoja sikuyasema, maana hayo hayakuwa na halua.

Bibi alisimama katikati ya karafuu, akapaza sauti mpaka majirani wakasimamisha kazi. "Miezi mitatu! Unanianikia vitambaa vitupu nyuma ya choo! Unamficha mume wako wa kijini, eh? Ana raha gani huyo hata umfiche?"

"Nina mimba, mama," alisema Bi Mize.

"Mara ya tatu hii! Ya kwanza mimba, ya pili mimba. Leo umefumaniwa ndiyo unaikumbuka?"

"Sijaitunga sasa hivi. Muulize Zuwena. Nimemwambia jikoni, kabla hamjajua kitu."

Wakanigeukia wote. Ami pia. Nikamtazama Bibi, nikaona kuwa nikisema kweli ataniuliza kwa nini nilimletea habari nusu, na mkono wa Bibi nilikuwa naujua.

"Hakuniambia kitu," nikasema.

Bi Mize hakunitukana.

Dawa ilipikwa jioni ile. Alinyweshwa asubuhi tatu, Bibi kasimama juu yake na kikombe, na mimi mlangoni. Ami alikwenda shamba. Wanaume wetu walikuwa na shamba kila palipohitajika mtu wa kusema hapana. Asubuhi ya tatu damu ikateremka kama ilivyoamriwa, tena ikazidi, mpaka mkunga akaitwa. Mkunga alikaa chumbani muda mrefu. Alipotoka mikono yake ilikuwa bado haijakauka maji.

"Nani kampa dawa mwanamke mwenye mimba?" aliuliza.

Bibi akasema, "Si nilisema hazai katika nyumba hii?"

Na mnajua watu walisema nini? Walisema Bibi ana mdomo, akitamka jambo linakuwa. Miaka mingi baadaye wanawake wa kwetu walikuwa bado wanaogopa kumuudhi. Mdomo gani? Alitumia mkono, na kikombe.

Bi Mize alirudishwa Mgogoni kabla karafuu hazijakauka. Nilikuja kumwona tena nikiwa nimeshazaa mwenyewe, kwenye hitima huko huko kwao. Aliolewa na mtu mwingine, akazaa wanne. Siku zake, alikuwa akiwaambia wenzake kwa kicheko, zilibaki hivyo hivyo hazina mpango mpaka zilipokatika. Kila mtoto alimjia kama mgeni bila hodi.

Alikuwa anapakua wali. Nikamsogelea. "Bi Mize, niwie radhi."

"Kwa lipi?"

"Nilisema hukuniambia."

Akanijazia sahani. "Ulikuwa mtoto," alisema, nami nikashusha pumzi. "Mtoto mwenye akili. Ndiyo maana nilikwambia wewe, sikumwambia mtu mwingine. Radhi sikupi. Kaa ule, wali usipoe."

Nikakaa nikala. Ningefanya nini?

Wajukuu zangu, nikiwasimulia, hunipoza. Husema ni mambo ya zamani, Bibi, watu walikuwa hawajui. Na ni kweli. Bibi yangu hakujua, alikuwa na jini lake kichwani na halikumwachia nafasi ya kitu kingine. Fundi hakujua. Ami hakujua, wala hakutaka. Katika uwanja ule uliojaa watu, ukimtoa Bi Mize mwenyewe, aliyejua alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeulizwa.