Mama Léocadie na Picha Kumi na Mbili za Michezo ya Waingereza

Mtaa mzima wa Keshero, hapa Goma, unamjua Léocadie Kahambu kwa jambo moja: hakuna anayenyoa kitabu kama yeye. Kunyoa, ndivyo wasemavyo mafundi wa vitabu wa Goma. Kitabu kikishashonwa, kingo za karatasi huwa zimepishana, hii imetokeza, ile imerudi ndani. Hapo ndipo anapokitia chini ya kisu chake kikubwa cha mpini na kukata pande tatu mpaka ukingo uwe laini kabisa. Biblia, madaftari ya parokia, vitabu vya nyimbo, kazi za wanafunzi wa chuo kikuu, vyote vinapita pale. Na mteja wa Goma, tuseme kweli, haangalii kwanza uzi wala gundi. Anapitisha kidole ukingoni. Kidole kikikwama, basi huna ufundi, hata kama umeshona mwezi mzima.

Kazi hiyo aliifundishwa na masista kule Butembo akiwa msichana, na sasa ana miaka hamsini na sita. Gundi anapika mwenyewe kwa unga wa muhogo, na anaitia pilipili ili mende wasiitamani. Jiko lake la makaa haliwashi kwa kitu kingine ila vile vipande vya karatasi alivyonyoa. Hatupi kitu, mama huyu. Watu wanamsifu kwa hilo, na wana haki ya kumsifu, ila safari hii sifa hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Asubuhi moja ya Juni alikuja Fabiola, binti wa Muzee Josias Harelimana, amebeba kitu amekifunga kwenye kitenge. Muzee Josias alifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, Rutshuru kwanza, halafu hapa Goma. Ndani ya kitenge kulikuwa na kitabu kinene kilichochapwa London mwaka 1811: michezo ya kuigiza kumi na miwili ya Waingereza, na kila mchezo una picha yake, iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa kwenye karatasi nzito kuliko nyingine. Muzee alikipata mwaka 1974 kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Volkano ilipolipuka na mji mzima ukakimbilia upande wa Sake, alikibeba ndani ya ndoo. Mvua ikamkuta njiani, Mugunga, ndoo haina kifuniko. Tangu hapo mgongo wa kitabu ulipasuka, na zile picha zikaanza kuchomoka moja moja, mpaka zote kumi na mbili zikawa zimelala juu ya kitabu, hazina mchezo wake.

"Papa anakuomba sana, Mama," Fabiola alisema. "Ukimushonea hii, utakuwa umemurudishia macho."

Hayakuwa maneno ya kubembeleza fundi. Macho ya Muzee yalikuwa yameingia ukungu, hasomi tena herufi. Lakini kila Jumapili baada ya misa majirani hukusanyika uani kwake, naye huwasimulia kwa Kiswahili moja ya michezo ile, na kuiga sauti za wote, mabwana, watumishi na wanawake. Picha bado aliweza kuziona kwa taabu, akizisogeza karibu na pua. Akiiona picha, mchezo wote unamrudia kuanzia neno la kwanza. Bila picha, michezo inachanganyika kichwani, na mfalme wa huku anaoa mjakazi wa kule.

Léocadie alizitazama zile picha kwa mapenzi. Tangu aanze kazi hakuwahi kushika picha nzuri namna ile: mapazia, mishumaa, magauni mpaka chini, na kila uzi wa gauni umechorwa kwa mstari mwembamba kuliko unywele. Fabiola akaenda zake sokoni. Léocadie akazilinganisha picha kwa viganja, akaona kingo zake chafu, zimeliwa na maji. Mkono uliozoea haukungoja kuulizwa. Aliziweka zote kumi na mbili chini ya kisu, akazinyoa pande tatu kwa pigo moja moja, zikatoka safi. Vile vipande akavitia jikoni, akapuliza, akaweka sufuria ya gundi.

Gundi ilikuwa imeanza kutokota Fabiola aliporudi anahema.

"Mama, nilisahau. Papa anasema ulinde yale maneno madogo chini ya picha. Ndiyo yanasema picha ni ya mchezo gani. Hakuna kingine kinasema."

Léocadie aliangalia picha. Chini ya picha hapakuwa na kitu. Aliangalia jiko. Aliitoa sufuria motoni, na chini yake palikuwa na majivu tu.

Sasa, mafundi wengine nawajua. Wangesema maneno yalifutwa na mvua ya Mugunga, na nani angebisha? Muzee haoni, binti yake Kiingereza kilimpita pembeni, na mvua haiwezi kujitetea. Léocadie alivua aproni, akachukua zile picha, akamfuata Fabiola mpaka nyumbani, akasimama mbele ya kiti cha Muzee.

"Muzee, nimekosa. Maneno yako nimeyakata, na moto umeyakula. Kosa ni langu, haiko ya mvua."

Muzee Josias aliinua uso. Akasema, "Leta, nione."

Akazishika moja moja, akazisogeza puani. Nane alizitambua: hii ina meli, hii ina mfalme, hii mtu ameanguka na upanga. Nne zikamshinda. Zote nne zilikuwa mwanamke chumbani, na kwa macho yake vyumba vyote vilikuwa ukungu mmoja. Ila moja ya zile nane aliitambua kabla hajaisogeza vizuri, na sauti yake ikalainika.

"Hii ni bibi ya baharia. Bwana yake alipotelea baharini, yeye anamungoja miaka saba. Soixante-dix-neuf, mwaka wa sabini na tisa, tuliicheza kwa masomo, pale shuleni, na Nyiransabimana ndiye alikuwa yule bibi. Robe yake, lile gauni, tulishona kufuata hii picha, mukono na mukono. Kisha mwaka uliofuata nikamuoa."

Nyiransabimana alikuwa mama yake Fabiola. Walimzika miaka sita iliyopita. Léocadie aliipokea picha ile kwa mikono miwili.

"Ile nne," Muzee alimwambia alipokuwa akitoka, "ukiziweka ovyo, mama, michezo mine imekufa. Mimi siwezi kuifufua tena."

Siku tatu Léocadie hakushona kitu cha mtu mwingine. Alikaa na kitabu kile mlangoni, penye mwanga, akakifungua karatasi kwa karatasi. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Lakini karatasi aliijua, na siku ya pili karatasi ilimwambia. Mbele ya kila mchezo, kwenye ukurasa ulioelekeana na mahali pa picha, kulikuwa na kivuli cha rangi ya chai. Wino wa picha, kwa kubanwa pale miaka zaidi ya mia mbili, ulikuwa umejiandika upande wa pili, umegeuka kushoto kulia. Hapa ncha ya kofia, pale mguu wa meza, kule mkunjo wa pazia. Aliinua karatasi juani, akaweka picha kandoni, na vivuli vikaanza kutaja wenyewe. Aliruka kwa furaha, akamwita jirani aje kuona, na jirani akaona karatasi chafu tu.

Zile nne zikapata makwao, ya mwisho kwa kivuli hafifu tu kwenye mchezo wa tisa. Hapo angeweza kushona na kumaliza. Lakini Léocadie hana tabia ya kuamini nusu ya kazi, akarudia na zile nane ambazo Muzee alizitambua mwenyewe. Saba zilikubali. Ya mke wa baharia ikakataa.

Aliigeuza, akairudisha, akabadilisha mwanga. Kivuli kizito kilichokuwa kwenye mchezo wa baharia kilikuwa cha picha nyingine kabisa, moja ya zile nne: mwanamke ameketi dirishani, ameshika tama, uso ameugeuzia nje. Na picha ya Nyiransabimana, mwanamke aliyesimama na ufunguo mkononi, kivuli chake kizito kilikuwa kwenye mchezo wa tisa. Alichunguza matundu ya sindano mgongoni, akaona yamepigwa mara mbili. Fundi fulani, zamani sana, kabla ya Muzee na kabla ya padri wake, alikifumua kitabu hiki, na alipokirudisha akabadilisha picha mbili. Muzee alikipokea na kosa ndani yake.

Hapo ndipo Léocadie alipotaabika kweli. Maneno ya chini ya picha yangemaliza ubishi kwa dakika moja, na maneno aliyachoma yeye. Angeenda kusema nini? Kwamba yeye asiyejua Kiingereza amemkuta mwalimu wa miaka thelathini na mmoja amekosea, na kwamba gauni la marehemu lilikuwa la mwanamke mwingine? Angeiweka picha pale alipoizoea Muzee, na Jumapili ingekuwa ya furaha, na hakuna ambaye angejua. Alifikiri hivyo mchana kutwa, akapika gundi mara mbili na mara mbili akaiacha ikakauka. Kesho yake akapiga moyo konde, akaenda.

Muzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu hasira ikampanda.

"Umenikatia maneno, nimenyamaza. Sasa unataka kunikatia na bibi yangu?"

"Muzee, mimi sikate mutu. Kivuli ndiyo kinasema."

"Kivuli! Mimi nimefundisha ile mchezo zamani, mbele hata ujue kushika sindano."

Fabiola alimshika Léocadie begani, akitaka kumtoa nje taratibu. Léocadie hakutoka. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Unisamehe, Mwalimu. Uniambie tu. Kwa mchezo wa bibi ya baharia, ufunguo unafanya nini?"

"Ufunguo gani?"

"Huyu mama wa picha iko na ufunguo mukononi. Anauficha nyuma ya robe. Na anacheka."

Muzee alifungua kinywa ajibu. Akaanza kuupitia mchezo kwa midomo, kipande cha kwanza, cha pili, Kiingereza chake kikitoka chini chini. Walimsikia akifika mwisho, kisha akirudi nyuma tena, polepole, akitafuta. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya magoti.

"Hakuna ufunguo," alisema.

Kisha akainua kidole.

"Mchezo wa tisa ndiyo uko na ufunguo. Ile ya kuchekesha. Bibi anamufungia bwana yake kwa depo, chumba cha kuwekea mizigo, juu ya wivu wake, na anaenda kucheza ngoma." Alitikisa kichwa. "Ile sikuifundisha hata siku moja. Niliona ni upuuzi."

Léocadie alijiketisha sakafuni. Fabiola naye alikuwa amekaa chini.

"Aliniuliza," Muzee akasema, na sasa haikuwa wazi anazungumza na nani. "Soixante-dix-neuf, tukiwa repetition, kwa mazoezi ya mchezo. Nyiransabimana aliniuliza mbele ya wanafunzi wote: Mwalimu, huyu mama bwana yake amekufa maji, anacheka nini? Nikamuambia, wewe unajua nini? Hivi ndivyo Wazungu wanaliaka. Watu wote wakamucheka. Akainamisha kichwa, akacheza vile nilitaka. Na maneno ya chini ya ile picha sikuyasoma, niliamini tu mahali picha ilikaa." Alijipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Tuliishi pamoja miaka karibu arobaini. Hakuniuliza tena kitu juu ya hiki kitabu. Mimi nilifikiri hakipendi."

Fabiola alianza kulia, na Muzee hakumzuia. Baadaye akanyoosha mkono hewani mpaka ukampata Léocadie.

"Weka yule mama mahali pake, mwanangu."

Léocadie alikishona kwa uzi uliopakwa nta, mishono midogo ya masista wa Butembo, na kila picha akaibandika juu ya kivuli chake. Jumamosi alikipeleka. Jumapili hakuwa amealikwa, lakini alikwenda, akasimama nyuma karibu na pipa la maji, maana uani hapakuwa na nafasi ya kukaa.

Majirani waliomba mke wa baharia, kama kawaida yao. Muzee alikataa. Alikifungua kitabu kwenye mchezo wa tisa, akaisogeza picha puani kwa muda mrefu, kisha akaanza. Alikwama mara mbili tatu, kwa sababu maneno hayo hakuyazoea, na akaomba radhi. Lakini watu walicheka mpaka wakashikana. Mume mwenye wivu alipogonga mlango wa depo akiomba afunguliwe, wazee wenzake walipiga makofi kwa kumtambua.

Ilipofika zamu ya mke kumjibu kutoka nje, na ufunguo mkononi, Muzee aliacha ile sauti nyembamba aliyokuwa akiwaigia wanawake siku zote. Akatafuta sauti nyingine, nzito kidogo, yenye Kinyarwanda cha Rutshuru ndani yake, ya utani na isiyo na haraka. Waliokuwa na umri wa kutosha waliitambua mara moja kuwa ni ya Nyiransabimana, na kicheko kikakoma uani. Fabiola alisimama alipokuwa ameketi. Muzee aliendelea peke yake, na yule mke akasema yote aliyotaka kusema, hakuna aliyemkatiza.